Mzee wa Redio Anajibu: Nani ameshika usukani huko Mirihi?

Toleo lililopita niliandika kuhusu Mars Express, chombo cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya ambacho kimekuwa kikiizunguka sayari ya Mirihi tangu Desemba 25, 2003. Nilidhani wasomaji wataipita makala ile kama wanavyolipita tangazo la mnada ukutani. Kumbe wapi! Mhariri amenikabidhi bahasha ya barua na karatasi alizochapa kutoka kwenye simu yake, akaniambia, "Mzee, umelianzisha mwenyewe, limalize mwenyewe." Haya, nalimaliza.

Kwanza niungame kosa. Niliandika kwamba Beagle 2, kile chombo kidogo cha Waingereza kilichobebwa na Mars Express na kuachiwa siku sita kabla ya kufika, kilivunjika vipande kikitua. Mwalimu mmoja wa Morogoro amenisahihisha, tena kwa kalamu nyekundu. Picha zilizotangazwa Januari 2015, zilizopigwa na chombo kingine cha Wamarekani, zilionyesha Beagle 2 kimekaa juu ya udongo wa Mirihi, kizima. Inaonekana vibao vyake vya sola havikufunguka vyote, na antena ilikuwa imefunikwa na kibao cha mwisho, kwa hiyo hakikuweza kuita mtu. Mwalimu, ahsante. Mtu aliyekaa chumba cha redio cha meli miaka 22 alipaswa kujua tofauti ya aliyezama na aliyekosa antena.

Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Iringa. Umeandika kwamba chombo kinaizunguka Mirihi kila baada ya saa 7 hivi. Usiku wahusika wakilala, nani anakiendesha? Na kukiwa na jiwe mbele wanakikwepesha vipi?

Marahaba, mjukuu wangu. Hakuna anayekiendesha. Si usiku tu, hata mchana. Usukani kama wa basi haupo, na hata ungekuwepo usingefaa kitu.

Sababu ni umbali. Mirihi ikitusogelea kabisa huwa kilomita milioni 55 hivi kutoka kwetu, na mawimbi ya redio, ambayo kwa mbio hayana mshindani, huchukua dakika 3 kufika. Ikiwa mbali, ng'ambo ya Jua, ni kilomita milioni 400 na dakika 22. Ukisema "geuka kushoto", amri inafika baada ya dakika 22, na jibu la "nimegeuka" linakuja baada ya dakika nyingine 22. Kipindi chenu cha fizikia ni dakika 40. Mwalimu angeuliza swali mara tu kengele inapolia, na jibu lingekuta ameshafika ofisini anakunywa chai.

Kwa hiyo kila kitu huandikwa mapema. Miezi kadhaa kabla, wanasayansi wenye vifaa vilivyomo chomboni hugombania nafasi. Nasema kugombania kwa sababu mahitaji yao hayapatani. Wenye kamera ya rangi wanataka chombo kipite chini upande wa mchana, maana picha ni mwanga. Wenye rada ya kutafuta barafu na maji chini ya ardhi wanataka upande wa usiku, kwa sababu Jua hulichaji tabaka la juu la hewa ya Mirihi na kuyavuruga mawimbi yao. Wengine wanataka kutazama ukingo wa sayari Jua linapozama, waone hewa inavyolichuja. Na nafasi yenyewe ni finyu: chombo hushuka hadi kilomita 300 hivi juu ya sayari, kikapita kwa kasi, kisha kikapaa tena hadi kilomita 10,000 kabla ya kurudi. Basi wanagawana kama wanakijiji wanavyogawana zamu za mfereji wa maji.

Mgawanyo huo hupangwa kwenye kituo cha sayansi kilichopo nje ya Madrid, Hispania, kisha hupelekwa Darmstadt, Ujerumani, wanakokaa waongozaji wa chombo. Hao hawaulizi habari za maji ya kale. Wanauliza: betri zitatosha? Kuna kifaa kitakachoelekea Jua kikachemka? Picha zote hizo zitapata muda wa kuteremshwa? Wakiridhika, mpango wa mwezi unakatwa kuwa wa wiki, na wa wiki unakuwa orodha ndefu ya amri, kila moja imebandikwa saa yake mpaka sekunde. Orodha inarushwa, chombo kinaihifadhi, na tangu hapo kinafuata saa yake chenyewe. Wewe unakoroma Iringa, mhandisi anakoroma Darmstadt, nacho kinageuka, kinapiga picha, kinazima kamera, kinageuka tena.

Ama kuhusu jiwe: anga ya pale ni tupu kuliko unavyofikiri. Kitu kikubwa karibu ni Phobos, mwezi mdogo wa Mirihi, na huo hawaukwepi, wanaufuata makusudi. Desemba 29, 2013 walipita kilomita 45 tu kutoka kwake. Hesabu ya njia ilifanywa miezi kabla, na siku yenyewe hapakuwa na mtu wa kukanyaga breki.

Mzee, habari za kazi. Mimi ni fundi wa madishi ya ving'amuzi, Kahama. Dishi la sentimita 90 nikilikosea nyuzi mbili tu, mteja hana picha na hela sipati. Hawa wa Mirihi wanatumia dishi gani, na nani anapanda kulirekebisha?

Nzuri, fundi. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote, nivumilie nikirefuka.

Chombo kina dishi la mita 1.6, si kubwa sana kuliko unayoyafunga kwenye hoteli. Limeganda ubavuni mwa chombo. Halina mota wala bawaba. Mars Express kiliundwa haraka na kwa bei nafuu, ndiyo maana kikaitwa Express, na kila mota waliyoiacha ilikuwa fedha iliyobaki mfukoni na kitu kimoja kilichopungua cha kuharibika. Sasa tazama matokeo yake: kamera zinatazama upande mmoja, dishi linatazama upande mwingine. Kikiitazama Mirihi hakiwezi kuongea nasi. Kikitaka kuongea nasi sharti kiipe Mirihi mgongo. Ni kama ulifunge dishi ukutani kwa saruji, halafu ili upate picha uizungushe nyumba.

Na nyumba inazungushwa kweli, mara kadhaa kwa siku. Ndani mna magurudumu manne mazito yanayozunguka kwa umeme. Ukiliongeza gurudumu kasi kwenda upande huu, mwili wa chombo unajongea upande ule. Hakuna mafuta yanayotumika. Ila kuna deni linalojikusanya, kwa sababu mwanga wa Jua wenyewe unakisukuma chombo kidogo kidogo, na magurudumu hubeba msukumo huo mpaka yanakaribia kikomo cha kasi. Hapo ndipo injini ndogo huwashwa kidogo kuyapunguza. Hiyo ni kazi ya kawaida kabisa, imo kwenye ratiba kama kufagia sitaha.

Chombo kinajuaje kimelenga sawasawa? Kina kamera ndogo zinazotazama nyota, na kompyuta inalinganisha inachokiona na ramani ya nyota iliyomo kichwani mwake. Wewe unatumia kipima mawimbi na sauti ya mteja akipiga kelele kutoka sebuleni, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Chenyewe kinatumia nyota, kama manahodha wa majahazi.

Nguvu ya kurushia matangazo ni wati 65. Ndiyo, fundi, kama balbu moja ya zamani ya chumbani. Balbu hiyo uione kutoka kilomita milioni 400! Ndiyo maana huku chini dishi ni la mita 35, lenye uzito wa zaidi ya tani 600, na kipokezi chake hupozwa hadi nyuzi zaidi ya 250 chini ya sifuri ili joto lake lenyewe lisifunike sauti inayotoka Mirihi. Kurusha kwenda juu wanaweza kutumia hadi kilowati 20. Madishi hayo yapo mahali patatu: New Norcia huko Australia Magharibi, Cebreros Hispania, na Malargüe Argentina. Dunia ikizunguka, moja likizama jingine linachomoza. Wakihitaji, huomba pia madishi ya Wamarekani.

Kinachopigwa chombo kikiwa kimeipa Dunia mgongo huwekwa kwenye kumbukumbu ya gigabiti 12, ambayo ukigeuza kwa hesabu ya simu yako ni gigabaiti moja na nusu. Mtoto wako huijaza kwa video za harusi moja. Kisha huteremshwa kwa kasi isiyozidi kilobiti 230 hivi kwa sekunde, na Mirihi ikiwa mbali ni pungufu sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kila siku ya watu hawa si kupiga picha. Ni kutafuta muda wa kuiteremsha.

Hakuna anayepanda kulirekebisha dishi. Lakini mwaka 2005 kuna antena nyingine iliyowatoa jasho, ya ile rada. Ni mabomba mawili mepesi ya mita 20 kila moja, yaliyokunjwa ndani ya sanduku kama kinanda cha mkono. Bomba la kwanza lilipofunguliwa Mei mwaka ule, pingili moja iligoma kunyooka. Walichofanya utakipenda: waligeuza chombo kizima, wakaiacha pingili ile ielekee Jua, ikapata joto, ikatanuka, ikajifunga mahali pake. Ufundi wa kuanika.

Mzee, sisi wa Ngomeni tunayaona madishi ya Waitaliano kila tukirudi kuvua. Yanaongea na hicho chombo?

Hapana, bwana. Kazi kubwa ya madishi yenu ya Ngomeni, ambayo ulimwenguni yanajulikana kwa jina la Malindi, ni kufuatilia setelaiti zinazozunguka Dunia na roketi zinazopanda kutoka Guyana ya Kifaransa zikipita juu ya Afrika. Ile roketi ya Ariane 5 iliyobeba darubini ya Webb Desemba 25, 2021 ilifuatiliwa kutoka hapo kwenu. Na majukwaa yale ya chuma yaliyosimama baharini msiyadharau: mwaka 1970, siku ya Desemba 12, yalirusha setelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kupima mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaiita Uhuru, kwa sababu Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake.

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni muuguzi, kwetu Unguja, nipo Muscat mwaka wa sita sasa. Nikikabidhi zamu alfajiri naandika kila kitu: dawa, mkojo, nani alilia. Hao wa Darmstadt nao wana zamu? Na mgonjwa wao akizidiwa saa 9 usiku wanafanya nini?

Marahaba, binti yangu, na pole kwa zamu.

Wana zamu. Wasimamizi wa zamu wapo kituoni usiku na mchana, wakiangalia vyombo zaidi ya kimoja. Wahandisi wa Mars Express wenyewe hufanya kazi saa za ofisi, ila kila wakati kuna mmoja ambaye simu yake haizimwi. Na usidhani wanafuata siku ya Mirihi, ambayo ni ndefu kuliko yetu kwa dakika 40 pungufu kidogo. Wale wanaoongoza magari yanayotembea juu ya udongo wa Mirihi ndio hufanya hivyo nyakati fulani, wakaishia kula chakula cha mchana saa 8 usiku. Hawa wa chombo kinachozunguka hulala kama watu.

Mgonjwa akizidiwa, cha kwanza kujua ni yeye mwenyewe. Chombo kikiona jambo lisiloeleweka, hakisubiri kuambiwa. Kinazima vifaa vyote vya sayansi, kinaelekeza paneli za sola kwenye Jua na dishi kwenye Dunia, kisha kinakaa kimya kikingoja. Mwuguzi angesema kimelazwa chali na kuwekewa dripu. Tuite hali ya kujihami. Huokoa maisha, lakini bei yake ni kali: kujipanga upya kwa dharura hutumia injini ndogo badala ya magurudumu, na mara moja tu ya hali hiyo ilikula mafuta ambayo kwa kazi za kawaida yangetosha takriban miezi sita.

Sasa fikiria miezi ya Agosti hadi Oktoba 2011, ilipotokea mara kwa mara. Kumbukumbu ile niliyomweleza fundi ilianza kukataa kusomwa na kuandikwa. Tatizo ni kwamba humo humo ndimo ilimohifadhiwa ratiba ya amri, zaidi ya 3,000 kwa pamoja. Kompyuta ikienda kuchota amri inayofuata, mlango haufunguki, inaogopa, inajihami. Miezi sita ya mafuta, kwaheri. Tena. Oktoba wakasimamisha sayansi yote.

Hakuna aliyeweza kwenda kubadilisha kifaa. Walichokuwa nacho ni kijitabu kingine kidogo cha ratiba, kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, nje ya ile kumbukumbu mbovu. Nafasi yake: amri 117. Kwa chombo kilichozoea 3,000, hiyo ni kama kuambiwa uandike taarifa ya wodi nzima nyuma ya tiketi ya daladala. Wakakaa wakaitafakari ratiba upya kuanzia chini. Kila kazi, tuseme kupiga picha za bonde fulani, ikafungwa kifurushi kimoja kidogo chenye mwanzo na mwisho wake, kinachochotwa muda mfupi kabla ya kutumika, na kinachoacha chombo katika hali salama kikimaliza. Kifurushi kisipochotwa vizuri, kazi ile inarukwa tu. Picha imekosekana, basi. Hakuna anayejihami, hakuna mafuta yanayomwagika. Mwanzoni mwa 2012 sayansi ilikuwa imerudi, na chombo hakijui kwamba kinaishi kwa vijikaratasi.

Umeuliza kuhusu kukabidhi. Mwaka 1984 nilipanda meli moja ya mizigo kuchukua nafasi ya mwenzangu aliyekuwa anashuka. Daftari la zamu lilikuwa safi, mwandiko mzuri, kila kimya cha dakika tatu kimeandikwa. (Vijana hawajui: ukutani mwa chumba cha redio palikuwa na saa yenye vipande vyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Muda huo kwenye masafa ya kilohezi 500 hakuna meli iliyoruhusiwa kutuma chochote isipokuwa mwenye dhiki. Dunia nzima ya baharini ilinyamaza ili aliye hoi asikike.) Kitu kimoja tu hakukiandika: betri za dharura zilikuwa zimechoka. Nililijua hilo usiku wa tatu, umeme wa meli ulipokatika, nikawasha redio ya dharura, ikawaka dakika nne ikafa. Hatukuwa hatarini, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile mtu akinionyesha daftari safi sana namwuliza, haya, sasa niambie ambacho hukuandika.

Darmstadt hawamwachii mtu hilo. Chombo chenyewe hupeleka vipimo vyake, joto la kila pembe, volti za kila betri, kasi ya kila gurudumu, na kompyuta huvipitia vyote kila siku. Hata hivyo, usisahau kwamba safari nzima ilianza na jambo ambalo lilipita bila kuonekana ardhini. Baada ya kurushwa iligundulika muunganisho wa nyaya kutoka kwenye paneli za sola ulikuwa na kasoro, na umeme unaofika ndani ni asilimia 70 hivi ya uliotarajiwa. Miaka yote hii wanapanga kazi kwa mshahara uliokatwa.

Bwana Redio! Nilidhani umeshakufa, kumbe unaandika magazetini. Mimi ni yule bosuni wako wa Mombasa. Chombo cha miaka ishirini na ushei hakijapanda chelezo kutengenezwa hata mara moja? Mafuta yake yamebaki kiasi gani? Na huko kwao bahari haifungwi?

Bosuni, kufa tutakufa, lakini wewe kwanza, una deni langu la Colombo.

Bahari yao hufungwa. Kila baada ya miezi 26 hivi, Mirihi hupita nyuma ya Jua tukiitazama kutoka huku, na Jua lina kelele za redio kuliko soko la Kongowea. Amri ikipenya nusu nusu inaweza kufika ikiwa amri nyingine kabisa. Kwa hiyo kwa wiki mbili au zaidi kidogo hawarushi chochote cha maana. Ilikuwa hivyo Novemba 2023. Kabla ya hapo chombo hupewa kazi nyepesi za muda wote huo na kuachwa chenyewe, kama nahodha anavyowaachia walinzi jahazi msimu wa kusi kali.

Mafuta: hakuna gegi. Ndiyo, umesoma sawa. Kwenye tangi lisilo na uzito mafuta hayakai chini, yanaelea, hakuna pa kuchovya kijiti. Wanajumlisha kila sekunde ambayo kila injini imewaka tangu 2003 na kutoa kwenye yaliyotiwa mwanzo. Hesabu kama hiyo kosa lake hukua kila mwaka, na wewe unakumbuka mhandisi wetu mmoja alivyoapa kwamba tangi lina tani 40. Tuliegesha tukivutwa.

Chelezo ndilo jambo zuri kuliko yote. Chombo kilikuwa na gairoskopu sita za leza, vifaa vinavyohisi mwili unavyogeuka. Leza huzeeka kama balbu. Mwaka 2017 wahandisi walipopima mwanga wake waliona nne kati ya sita zinaelekea kufa, na kwamba kwa matumizi yale chombo kisingevuka 2019. Wakaamua kuziacha zimezimwa muda mwingi na kulitegemea jicho la nyota peke yake. Lakini programu ya chombo haikuandikwa kwa maisha hayo, na haikuwa imeguswa kwa kina kwa miaka 15. Bahati ni kwamba Rosetta, chombo ndugu yake kilichokwenda kwenye nyota ya mkia, kiliwahi kuruka bila gairoskopu, kwa hiyo walichukua vipande vya programu yake wakavishona humu. Aprili 2018 wakairusha yote juu, wakakizima chombo na kukiwasha upya. Hebu fikiria, bosuni, unazima kila kitu kwenye meli iliyopo Mirihi ukisubiri iwake. Ikawaka. Ndiyo chelezo yao hiyo: maneno matupu, yamesafiri hewani.

Mkataba wa mwanzo ulikuwa mwaka mmoja wa Mirihi, siku 687. Mwaka 2023 waliongezewa muda hadi mwisho wa 2026. Wewe na mimi tulistaafishwa mapema zaidi.

Mzee, haya yote ni ya kusoma tu. Mtu wa kawaida anaweza kuona chochote? — Mama wa wawili, Korogwe

Anaweza, mama, na mimi nimeona. Chomboni mna kamera moja ndogo, picha zake ni za ukubwa wa zile za simu za kwanza zenye kamera. Iliwekwa kwa kazi moja: kushuhudia Beagle 2 kikiachiwa. Kazi ikaisha siku ile ile, ikazimwa. Miaka kadhaa baadaye mtu akasema, si tuiwashe? Tangu hapo imekuwa ikiwapa watu picha za Mirihi nzima, mawingu yake na tufani zake za vumbi.

Ijumaa ya Juni 2, 2023, chombo kikitimiza miaka 20 tangu kirushwe, walionyesha picha za kamera hiyo moja kwa moja kwa muda wa saa nzima. Kwetu ilikuwa saa 1 jioni. Nilikuwa nyumbani Tanga, simu ni ya mjukuu wangu wa kike, tumeiegemeza kwenye jagi. Picha mpya ilikuja kila baada ya sekunde 50 hivi. Mpira wa rangi ya udongo, nusu yake imeliwa na giza, na kila picha giza limesogea kidogo. Mjukuu akauliza, "Babu, hii ni sasa hivi?" Nikamwambia ni ya dakika 17 zilizopita, ndivyo ilivyo mbali. Akatazama saa, akahesabu kwa vidole, akasema basi hiyo ilipigwa tulipokuwa tunamenya mihogo.

Mara picha zikasita. Darmstadt walieleza: mvua ilikuwa inanyesha Cebreros, juu ya lile dishi la mita 35. Fundi wa Kahama amecheka hapo, najua. Mjukuu wangu hakusikiliza maelezo. Alikuwa na hakika bando limekwisha, akanyoosha mkono nimpe shilingi elfu moja akaongeze. Nikampa. Akakimbia dukani, akarudi, akaweka vocha, na picha zikaendelea. Mpaka leo anaamini ni ile elfu yangu.